Ukijua kusukuma chapati, pai za tabaka hazitakushinda

BILA shaka umewahi kupokea habari za aina hii. Ni Jumatano jioni, umetoka kazini, umeshuka kwenye gari pale Barabara ya Jogoo ukiwa umechoka, na kabla hujavua viatu unaambiwa kwamba Jumamosi kutakuwa na wageni. Si wageni wa kunywa chai na kwenda zao. Ni wageni wa heshima: wakwe, wazee wa ukoo, au walimu waliomsomesha mtoto wako hadi akafaulu mtihani. Mara moja moyo unaanza kupiga hesabu. Nyama kilo ngapi? Mchele kilo ngapi? Na kabla ya chakula chenyewe, watatafuna nini wakati wazee wakisalimiana na kuulizana habari za mashambani?

Hapo ndipo wengi wetu hufanya kosa. Tunakimbilia mkopo wa chama, au tunaagiza vitafunio kutoka mjini kwa bei ambayo ingetosha kununua unga wa mwezi mzima. Wageni wanakula, wanafuta midomo, wanasifu. Baada ya wiki moja mwenye nyumba amebaki na deni na masahani ya kurudisha kwa jirani.

Leo tunakuletea njia nyingine. Tutajifunza kutengeneza pai za tabaka nyumbani, yaani zile pai ndogo ambazo ukiziuma hupasuka na kumwaga vipande vyembamba kama majani makavu, na ndani yake mna nyama, ndengu au mboga. Wengi huamini kwamba hizi ni kazi ya mahoteli makubwa na maduka ya mikate yenye oveni za umeme. La hasha! Unaweza kuzitengeneza katika nyumba ya kanju ya Jericho, juu ya jiko la makaa, kwa mti ule ule unaosukumia chapati.

Lakini ni lazima niseme ukweli tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliaibika.

Siku ya aibu

Ilikuwa siku ambayo wakwe wa mdogo wangu wa kike walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesoma maelezo ya upishi huu katika kitabu kimoja cha mapishi cha kigeni, nikajiona nimeiva. Nilikanda unga saa saba mchana, jua likiwaka juu ya mabati, mafuta yakiwa laini kama uji. Niliujaza unga nyama ikiwa bado inatoa mvuke. Nilizipanga pai ndani ya sufuria, nikaweka makaa mengi chini na machache juu.

Nilipofunua, mafuta yalikuwa yamechuruzika yote yakawa dimbwi, pai zimelala chali, chini zimekuwa nyeusi na juu ni nyeupe kama maiti. Wageni walikuwa wameshafika Jerusalem wakiuliza njia. Nusura nilie.

Aliyeniokoa ni nyanya mmoja jirani yetu. Aliingia jikoni akiwa amefuata harufu ya kuungua, akaangalia sufuria, akaangalia uso wangu, akacheka.

“Mwanangu,” aliniambia, “hii si kitu kigeni. Ni chapati iliyoogopa karai.”

Siku hiyo tuliwapa wageni chapati, na walishiba. Lakini maneno ya nyanya yule yalinikaa. Jumamosi iliyofuata alirudi, tukaanza upya, hatua kwa hatua, na mengi ya yale utakayosoma hapa chini nimeyapata kwake.

Safari ndefu ya unga na nyama

Mtindo wa kufunga nyama ndani ya unga si mgeni kwetu. Msafiri maarufu Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, baadaye alikwenda India na huko akaeleza juu ya chakula cha karamu za mfalme wa Delhi: nyama ya kusaga iliyopikwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Hiyo ndiyo sambusa, ambayo leo utaipata kutoka Lamu hadi Kisangani, na hapa Eastlands utaikuta imepangwa ndani ya vioo vya vibanda kila jioni.

Unga wa tabaka nao ulikuzwa sana na wapishi wa Ufaransa, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umeshaandikwa katika vitabu vyao vya mapishi. Mpishi mmoja wao, Antonin Carême, aliyeishi kati ya 1784 na 1833, ndiye husifiwa kwa kitafunio kiitwacho vol-au-vent, jina ambalo maana yake ni kitu kinachopeperuka kwa upepo, kwa jinsi kilivyokuwa chepesi.

Sasa fikiria chapati zetu. Unasukuma unga, unapaka mafuta, unaukunja kama mkeka, unauzungusha kama konokono, kisha unausukuma tena. Kwa nini unafanya hivyo? Ili chapati iwe na ngozi nyingi zinazoachana. Pai ya tabaka ni kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mafuta ni mengi zaidi na ni lazima yawe baridi na magumu, mikunjo ni mingi zaidi, na moto unatoka pande zote badala ya chini peke yake. Kwa hivyo wewe unayejua kusukuma chapati umeshafika nusu ya safari.

Siri iko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba pai hizi huumuka kwa hamira au baking powder. Sivyo. Hakuna hamira hata chembe. Kinachoziinua ni mvuke.

Ndani ya unga mna maji. Kati ya ngozi moja ya unga na nyingine mna ngozi nyembamba ya mafuta. Joto kali linapoingia, maji hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Mafuta yanazuia ngozi za unga zisishikamane, basi mvuke unazisukuma juu moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua kurasa za kitabu. Baadaye unga unakauka na kukakamaa, na kuta zinabaki zimesimama. Katika Biblia kuta za Yeriko ziliporomoka; katika Jericho yetu, kuta za pai ni lazima zisimame!

Hesabu ya mikunjo nayo inashangaza. Ukiukunja unga mara tatu kama barua, kisha ukausukuma na kurudia mpaka ufikishe mara nne, utapata tabaka 81. Wapishi wa mahotelini hukunja mara sita na kupata 729. Sisi wa nyumbani 81 zinatutosha kabisa.

Sasa unaona kwa nini mafuta yangu yaliyoyeyuka yaliniharibia kazi. Mafuta yakiwa laini huingia ndani ya unga na kuchanganyika nao. Hapo tabaka hupotea, na unachobaki nacho ni biskuti nzito.

Mahitaji

Vipimo hivi vitakupa pai ndogo 30, kiasi cha kutosha wageni kumi na watoto wa nyumbani.

Kwa unga wa tabaka: unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 500, yaani nusu ya pakiti ya kilo moja, mafuta meupe magumu ya kupikia gramu 200, siagi ya mimea, ile ya kuokea, gramu 150, chumvi kijiko kimoja cha chai, maji ya limau au siki kijiko kimoja cha mezani, maji baridi sana kikombe kimoja, yaani mililita 200 hadi 250, na yai moja la kupaka juu.

Ikiwa una friji na mfuko unaruhusu, tumia siagi ya maziwa badala ya mafuta yote, na ladha itakuwa bora zaidi. Ikiwa huna friji, mafuta meupe ndiyo rafiki yako kwa sababu hayalainiki upesi. Epuka zile siagi za kupaka mkate zilizopunguzwa mafuta, kwani zina maji mengi na tabaka hazitasimama.

Kwa mjazo wa nyama: nyama ya kusaga gramu 500, vitunguu maji viwili vikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili hoho moja, fungu la dhania, bizari nyembamba na pilipili manga nusu kijiko cha chai kila moja, chumvi kiasi. Anayependa pilipili kali aongeze kulingana na ujasiri wa wageni wake.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, weka mkebe wa mafuta na ule wa siagi, vikiwa vimefunikwa vizuri, ndani ya beseni la maji baridi na uliweke juu ya sakafu ya saruji. Miezi ya Juni hadi Agosti, Nairobi yenyewe ni friji. Lakini Januari na Februari, amka alfajiri ukande kabla jua halijapanda.

Kukanda na kukunja

Chekecha unga na chumvi ndani ya karai au bakuli pana. Katakata mafuta na siagi vipande vya ukubwa wa punje kubwa ya maharagwe, kisha uvitupie ndani ya unga na kuvichanganya kwa ncha za vidole mpaka kila kipande kiwe kimevaa unga. Usivisugue! Hapa ndipo mkono wa mandazi unapotakiwa kutulia. Unataka kuyaona mafuta yakiwa bado vipande vipande.

Changanya maji ya limau na maji baridi, halafu mimina kidogo kidogo huku ukikusanya unga kwa mwiko au kisu. Ukishashikana, acha. Donge litaonekana baya, lenye madoa na mipasuko. Usijali, hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ligawe mara mbili, lifunike kwa kitambaa kilicholowanishwa na kukamuliwa, uliweke mahali pa baridi kwa nusu saa.

Kibao cha chapati ni kidogo kwa kazi hii, hivyo safisha meza vizuri uitumie. Nyunyiza unga, chukua donge la kwanza, lisukume liwe mstatili wenye urefu mara tatu ya upana, tuseme sentimita 45 kwa 15. Sukuma mbele na nyuma tu, si kwa kuzungusha kama chapati. Pangusa unga uliozidi. Kunja theluthi ya chini kuelekea katikati, kisha theluthi ya juu iifunike, kama unavyokunja barua. Huo ni mkunjo wa kwanza. Zungusha donge robo duara ili upande uliokuwa kushoto uwe mbele yako, sukuma tena, kunja tena. Huo ni wa pili.

Sasa lifunike, lipumzike nusu saa mahali pa baridi. Ni nyanya yule aliyenifundisha umuhimu wa kupumzika. “Unga ukichoka hukunjamana,” alikuwa akisema, “sawa na mtu.” Ni kweli. Ukiulazimisha, utarudi nyuma kama mpira na kupasuka. Baada ya kupumzika, fanya mkunjo wa tatu na wa nne, kisha uache upumzike tena angalau nusu saa. Fanya hivyo hivyo kwa donge la pili. Ukiwa na friji, unaweza kuuacha usiku kucha.

Iwapo mafuta yatatokeza na kunata mezani, simama. Nyunyiza unga mahali hapo, rudisha donge kwenye ubaridi, ngoja. Subira huvuta heri, na katika kazi hii huvuta tabaka.

Mjazo uwe mkavu na baridi

Unga unapopumzika, pika mjazo. Weka nyama ndani ya sufuria bila mafuta, pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, uikoroge mpaka maji yake yakauke kabisa. Ongeza vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo, hoho, bizari na pilipili manga, geuza kwa dakika tano, epua, kisha tia dhania. Mimina kwenye sinia pana upoe.

Mambo mawili yazingatie. Kwanza, mjazo wenye mchuzi utalowesha unga na pai zitakuwa tepetepe. Pili, mjazo wa moto utayeyusha mafuta kabla hata jiko halijayaona.

Mfuko ukiwa mwembamba, nyama si lazima. Chemsha ndengu robo kilo mpaka ziive bila kupondeka, zikaange na kitunguu, nyanya moja na bizari mpaka zikauke. Au chemsha viazi, vikate vidogo, uvichanganye na njegere na dhania. Hata sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa, ikakamuliwa na kuchanganywa na mayai ya kuchemsha, ni mjazo mzuri. Wanaopenda soseji wazipike kwanza, wazipasue kwa urefu, kisha wazizungushie ukanda wa unga.

Kukata na kufunga

Sukuma donge moja liwe mstatili wa sentimita 50 kwa 30, unene wa milimita tatu hivi. Kwa kisu kikali, kata miraba ya sentimita 10. Utapata 15. Katika kila mraba weka kijiko kimoja cha mezani cha mjazo, lowesha kingo kwa maji, kunja iwe pembetatu, na ubane kingo kwa uma. Toboa kitundu kidogo juu ili mvuke wa mjazo upate njia.

Pigapiga yai, upake juu ya pai. Lakini usipake kwenye kingo zilizokatwa, kwa maana yai likikauka hapo huzibana tabaka kama gundi zisiinuke. Ziache pai zipoe tena dakika 15 kabla ya kuzipika.

Mabaki ya unga usiyafinyange kuwa mpira. Yapange moja juu ya jingine, sukuma, kata vijiti, nyunyizia chumvi na simsim. Watoto watakushukuru, nao hawatagusa pai za wageni.

Jiko la makaa kuwa oveni

Mwenye oveni atapika kwa nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, na kazi imekwisha. Sisi wengine tufanye hivi.

Chukua sufuria kubwa iliyozeeka, ile usiyoionea huruma, yenye upana wa sentimita 30 hivi. Tandaza mchanga mkavu na safi chini, unene wa vidole viwili. Juu yake weka mawe matatu madogo yaliyo sawa. Juu ya mawe itakaa sahani ya bati au ya alumini, iliyo ndogo kuliko sufuria ili hewa ya moto ipite kando. Mfuniko uwe bapa na imara, usiopinda, kwa sababu utabeba makaa.

Washa jiko. Zile jiko zenye udongo wa kufinyangwa ndani, zilizoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 na ambazo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wanajulikana kwazo, hutunza moto vizuri na kutumia makaa machache. Makaa yakishika na moshi kuisha, gawanya: theluthi moja yabaki chini, theluthi mbili yaende juu ya mfuniko. Hili ndilo kosa langu la siku ile, mimi niligeuza.

Acha sufuria tupu ipate moto dakika 15 hadi 20. Kujua kama iko tayari, nyunyiza unga kidogo juu ya sahani. Ukigeuka rangi ya kahawia ndani ya dakika moja hivi, panga pai sita. Usifunue kwa dakika 15 za kwanza, hata kama jirani anakushawishi. Hapo ndipo zinainuka, na ukiruhusu hewa baridi kuingia zitaanguka. Baada ya dakika 25 hadi 30 zitakuwa za rangi ya dhahabu, na ukizigonga kwa ukucha zitatoa sauti ya ukavu.

Kwa kuwa sufuria inabeba sita kwa wakati mmoja, pai 30 zitachukua saa mbili na nusu au zaidi. Wageni wakifika saa nane, anza kupika kabla ya saa tano. Zinazosubiri zamu zibaki mahali pa baridi. Zilizoiva zikipoa, utazipasha ndani ya sufuria ile ile kwa dakika tano, nazo zitakuwa kama mpya.

Mwenye jiko la gesi anaweza kutumia mchanga na sufuria vivyo hivyo bila makaa juu, ila azigeuze pai zinapofika nusu ya kuiva. Hazitainuka sana, lakini zitaliwa. Tafadhali usizitumbukize ndani ya mafuta ya moto kama sambusa, kwani zitavuja na kunywa mafuta.

Tahadhari, hili si la mzaha

Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Imeua familia nzima zikiwa zimelala. Usipikie ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni Julai na baridi inauma. Jiko likae nje, au mlango na dirisha viwe wazi muda wote. Ukianza kuhisi kichwa kinauma au kizunguzungu, toka nje mara moja na uwatoe watoto. Kazi ikiisha, usiingize jiko chumbani ati lipashe moto, lizime.

Mfuniko wenye makaa nao ni hatari. Uinue kwa koleo au waya imara, na watoto wacheze mbali, waende hata uwanja wa Camp Toyoyo wakatazame mpira.

Aidha, chakula hiki kina mafuta mengi. Ni cha siku ya furaha, si cha kila asubuhi. Mwenye presha au aliyekatazwa mafuta na daktari aonje moja, asifanye kishindo.

Kwa mwanafunzi anayetafuta nauli

Wewe mwanafunzi wa chuo uliye nyumbani kwa likizo, labda umeshaanza kufikiria biashara. Vizuri, lakini piga hesabu kabla ya kupiga mti. Andika kila kitu: unga, mafuta, nyama, yai, viungo, makaa, karatasi za kufungia. Tuseme jumla imekuwa shilingi 900 kwa pai 30. Kila moja imekugharimu shilingi 30. Ukiuza kwa 30 umewafanyia watu kazi bure. Ukiuza kwa 45, faida ni 450, na hapo bado hujahesabu zile zilizoungua na zile ulizomwonjesha rafiki. Anza na ndengu, ambazo ni rahisi, kabla ya nyama.

Kumbuka pia kwamba mwenye kuuzia umma chakula anatakiwa kuwa na kibali cha Kaunti ya Jiji la Nairobi na cheti cha kupimwa afya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, basi tumia karatasi safi. Usifungie gazeti, hata hili unalolisoma, kwa sababu wino si kiungo. Na pai ya nyama iliyokaa joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili usiihifadhi kwa kesho.

Wageni walirudi

Msomaji, utataka kujua yale ya wakwe yaliishia wapi. Walirudi baada ya miezi michache, safari hii kwa mazungumzo yenyewe. Sikukopa kwa chama. Nilikanda Ijumaa usiku, nikakunja Jumamosi alfajiri, na nyanya akakaa kwenye kigoda kando ya jiko akichunga makaa kama askari. Nilitengeneza 15 za nyama na 15 za ndengu.

Sahani ilipoingia sebuleni, mazungumzo yalisimama kidogo. Kilichosikika ni mlio wa tabaka zikivunjika. Yule mzee mkubwa kuliko wote, ambaye mara ya kwanza hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi, alikula mbili. Kisha akachukua nyingine mbili, akazifunga kwa utaratibu ndani ya karatasi ya kupangusia mikono, akazitia mfuko wa koti.

“Hizi,” alisema, “ni za mama aliyebaki nyumbani. Miguu yake haikumruhusu kuja, na akisikia tulikula bila yeye nitakosa amani.”

Watu wote walicheka, na kuanzia hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Mdogo wangu aliolewa mwaka uliofuata.

Basi wewe nawe usingoje wakwe. Jaribu kwanza siku ambayo hakuna mgeni, ukiwa na watoto wa nyumbani peke yao, ambao watakula hata zilizoungua. Peleka sahani moja kwa jirani, upate maoni ya kweli. Ukikosea, rudia wiki ijayo. Siku hodi itakapopigwa, utasema karibu bila deni rohoni.